Kashata za Kisu

Gizani, alfajiri, Tunu alisikia kisu kikikwaruza uani. Akatoka na taa. Mumewe Sefu, dereva wa gari la shule, alikuwa amechuchumaa. Alikipasha moto kisu cha Tunu cha mkate, akilichonga tairi kipara lionekane bado lina kashata, ile mistari ya kushika barabara.

"Limekwisha, nawe unalichimba tena!" alifoka Tunu. "Likipasuka mteremkoni?"

"Mama Pili, trafiki akiona mistari anatupisha."

"Trafiki hapandi gari hilo. Wanapanda watoto!" Akampokonya kisu.

Sefu akacheka. "Pili, mwanangu, twende. Kaa mbele kama kawaida."

Pili, begi mgongoni, alipitisha kidole kwenye mistari ile, ingali na joto.

"Baba, mimi leo nitatembea."