Kiti Nyuma ya Kocha

Mpira uligonga neti. Binti hakutupa raketi kama zamani. Aliinua macho jukwaani, upande alipoketi kocha, akavuta pumzi, akarudi mstarini.

Safu moja nyuma ya kocha, mama yake aliuma mdomo. Kila pointi ikipotea ni yale yale: macho, pumzi, mstari. Na kocha mwenyewe, maringo yaliyoje! Mtoto akitazama tu, yeye anainama kuandika kidaftarini.

Zamani mtoto huyu akikosea alilia mpaka mchezo unamponyoka. Ndipo akaja huyu dada na mazoezi yake ya kukomaza akili, na kwa miezi sita nyumba nzima ikawa kocha kasema hivi, kocha kasema vile. Mama, aliyeishona sketi ile nyeupe kwa cherehani yake mwenyewe, alibaki wa kuulizwa soksi ziko wapi.

Mzee wa kiti cha pili akasifia kwamba kocha amemlea binti akaleleka.

"Amemlea?" mama akasema. "Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nalinda begi?"

Seti zikawa sare, moja kwa moja. Atakayechukua ya tatu ataingia timu ya taifa ya vijana. Binti aliongoza gemu nne kwa moja, akakosa mpira mwepesi ambao hata kipofu angeupiga, na macho yakapanda tena kule kule.

Mama akashindwa kuvumilia. Akajisemea kuwa mwenye mtoto na abaki na mtoto wake, akachukua mkoba, akashuka kwenda kusimama nyuma ya nguzo ya lango.

Kutoka huko aliona gemu tatu zikipotea kama mchezo. Binti alitazama jukwaani, akatazama tena, akaanza kujifuta machozi kwa mkono wa fulana. Mama, Mungu amsamehe, alionja utamu kidogo. Haya, kocha wako si yuko hapo? Akuokoe basi.

Kumbe kocha alikuwa akishuka ngazi mbiombio, anaangaza huku na huku, mpaka akamwona.

"Mama, nakuomba urudi ulipokuwa umekaa," alisema, akihema. "Nilimwambia achague mtu mmoja wa kumtazama kila akikosea. Hakunichagua mimi."