Sala ya Perisi Kabla ya Chakula

Basi, katika mji mmoja alikuwepo mama jina lake Perisi, na kwa kuomba hakuwa na mwenzake. Tatizo moja tu: sala zake zilikuwa zinampita Mungu zinakwenda kumgonga mkwewe. Chakula kikishatengwa, anafumba macho: "Ee Bwana, wasaidie wanaoamka jua limeshatoka. Wakumbushe na chumvi." Na Ndeshi, mke wa mwanawe, anaitikia amina. Atafanyaje? Mtu anayeomba hajibizwi.

Mchana mmoja Ndeshi akatenga ugali na mlenda, mwenyewe hakukaa. Alikuwa na begi begani.

"Mama, omba ule. Mimi narudi kwetu."

"Kwenu kuna nini?"

"Kuna kula bila kushtakiwa kwa Mungu."

Perisi akafumba macho haraka, maana hapo ndipo alipozoea kushinda. "Ee Bwana, wako watu humu ndani..."

Akakwama. Akatafuta la kumalizia, akaona maneno yote aliyokuwa nayo ni ya kumpiga Ndeshi, ya kumwambia Mungu hakuna hata moja. Miaka yote hiyo, jamani, hajawahi kuongea na Mungu mwenyewe.

"Bwana," akasema polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba ngeni, "ni mimi, Perisi. Nina mdomo mbaya. Na huyu mtoto nampenda."

Kufumbua macho aliogopa. Akasikia kigoda kinaburutwa sakafuni, asijue kama kinasogezwa kwenye chakula au kinaondolewa njiani.