Sauti ya Mbonea Bila Kapasita

Wiki moja baada ya Mbonea kuzikwa, afisa wa umeme alifika Same, nyumbani kwa mjane wake, Nakijwa.

"Pole sana, mama. Sheria unaijua. Anayeishi peke yake haruhusiwi mkondo mnyoofu, ule umeme wa upande mmoja."

Akaondoka na kigeuzi cha nyumba, kilichotoa mkondo huo, akamwachia mkondo geu wa taa na jiko tu. Kisanduku kilichohifadhi sauti ya mumewe, kisichofanya kazi bila mkondo mnyoofu, kikanyamaza.

Nakijwa alivumilia siku tatu. Siku ya nne alichomoa transfoma na diodi nne kwenye redio mbovu, akaziunga kwenye kisanduku kwa risasi ya kulehemu jinsi Mbonea, aliyekuwa fundi redio, alivyomfundisha, ili umeme upite upande mmoja tu.

"Nakijwa, umekula?" Sauti ya Mbonea ilitoka kisandukuni ikitetemeka.

"Nimekula, baba," akadanganya, machozi yakimtoka.

Alijua sababu ya kutetemeka: hakuweka kapasita ya kuutuliza umeme. Kesho yake akainunua sokoni, akaiunga.

"Nakijwa, umekula?"

Sasa sauti ilikuwa safi, imetulia, kama ya karani anayejaza fomu. Nakijwa aliichomoa kapasita, akavuta kigoda karibu na kisanduku, akangoja kuulizwa tena kwa ile sauti inayotetemeka.