Juu ya Mstari

Nahodha alichovya vidole kwenye unga wa chaki, akautazama mstari ukutani. Asiyeufikia leo kwa kuruka hasafiri na timu ya voliboli.

Chini ya kinga, goti lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu mazoezi ya kurukia maboksi. Kuruka lilikubali, kutua ndiko kulikomtoa machozi. Aliyejua ni mdogo wake tu, aliyesimama nyuma yake kwenye foleni.

“Dada, mwambie kocha, au nitamwambia mimi.”

“Thubutu uone.”

“Haya, bibi harusi, tunakusubiri!” kocha alipaza sauti. Wenzake wakacheka.

Akasimama ubavu kwa ukuta, akachuchumaa kidogo, akaruka. Vidole viliacha alama nyeupe juu kabisa ya mstari. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Akiwa bado hewani, alimwona mdogo wake amefumba macho.