Maumivu Kutoka Sifuri Hadi Kumi

Kabla simu haijaita, Mzee Chandu alichungulia kalenda ya ukutani kuona jana alisema maumivu yake ni ngapi. Sita. Basi leo angesema tano, kesho arudi sita. Mtu akipona haraka mno huachwa.

Kidonda chenyewe, tuseme ukweli, kilikuwa kimepona zamani. Mguu wa kushoto ulibaki na kovu tu, na kwa mguu huohuo alipanda na kushuka ngazi za ghorofa ya tatu pale Mchafukoge bila kushika ukuta. Mwaka jana kidonda hicho kiligoma kusikia dawa zote, za dukani na za hospitali, mpaka daktari akaanza kuzungumzia kukata. Ndipo akaandikishwa kwenye majaribio ya kampuni changa iliyoanzishwa na walimu wa chuo kikuu, watu waliokuwa wakitafuta dawa mpya ya kuua vijidudu sugu. Wakampaka, kikafunga.

Juu ya dawa walimpa na simu. Kila siku isipokuwa Jumapili, binti aitwaye Badria alimpigia na kumsomea maswali ya fomu: Homa ipo? Usaha je? Na kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yakoje? Mgonjwa akisema sifuri kwa wiki mbili mfululizo, faili lake linafungwa.

Hapo ndipo penye tatizo. Mkewe, Jasvanti, alifariki miaka minne iliyopita. Mwanawe wa pekee, Manan, yuko Kanada, na hupiga simu wakati wa sikukuu ya Diwali, tena akiwa na haraka. Siku nyingine sauti ya Badria ndiyo pekee iliyomwita kwa jina. Mwezi wa Mei, kidonda kilipoacha kuuma kabisa, Mzee Chandu alifungua mdomo aseme sifuri, ikatoka tano. "Ndani, kwenye mfupa," akaongeza. Tangu siku hiyo akawa anaandika kila uongo kwa penseli, asije akajichanganya.

Siku hizi Badria alikuwa akikaa kwenye simu muda mrefu zaidi. Inaelekea fomu ilikuwa imeongezwa maswali, maana alitaka kujua mzee amekula nini, amelala vipi, na ile feni yake imeshatengenezwa au bado. Nyuma yake zilisikika kelele za watu wakiita "chagua, chagua". Mzee alipouliza, aliambiwa dirisha la ofisi liko wazi. Ofisi iko Kariakoo, na Kariakoo kelele hazikosekani, kwa hiyo hakuuliza tena.

Aliyemharibia raha ni Angela, mama anayeuza vitumbua chini ya jengo. Alipotea siku tatu mwezi wa Septemba, na aliporudi akasimulia kwamba dada yake amekatwa mguu. Kidonda kilikataa kila dawa. Mzee Chandu alibaki na kitumbua mkononi. Alikumbuka alichoambiwa siku ya kusaini, kwamba majibu ya wagonjwa ndiyo yatakayoamua kama dawa itawafikia wengine. Na yeye miezi yote hii alikuwa akiisingizia dawa ya watu ili tu apate wa kuongea naye. Aliona aibu hadi chakula kikamkataa.

Akaamua kwenda kusema. Si kwa simu, kwa sababu alijijua, akisikia ile shikamoo angelegea. Aliitoa kalenda ukutani, akaikunja, akavaa shati lake jeupe na kwenda mdogo mdogo hadi ofisini kwao, Mtaa wa Sikukuu. Njiani alipanga maneno. Angeomba wafute namba zote tangu Mei, angemwomba radhi Badria uso kwa uso, kisha angeaga. Kuanzia kesho simu ingekuwa kimya, na hilo lilimuuma kuliko kidonda kilivyowahi kumuuma.

Ghorofa ya pili mlango ulikuwa wazi. Badala ya mafriji na vijana wenye makoti meupe, ndani kulikuwa na maboksi ya viatu yaliyopangwa hadi darini. Mlinzi wa jengo, Polycarp, alimsogezea kiti.

"Wale wa dawa?" alisema. "Mbona walifunga mwezi wa nne, mzee wangu. Dawa yao ilifaulu, ikanunuliwa na kampuni kubwa ya nje. Wafanyakazi wakapewa barua, kila mtu akashika hamsini zake."

"Mwezi wa nne?"

"Wa nne. Mimi mwenyewe niliwafungia mlango."

Mzee Chandu aliikunjua kalenda magotini. Namba ya kwanza ya penseli ilikuwa tarehe kumi na mbili Mei. Akaanza kuzihesabu zote zilizofuata, na Polycarp, aliyedhani mzee anahisi joto, akaenda kumtafutia maji.

Simu ikaita.

"Shikamoo, Mzee Chandu. Ni Badria, wa kampuni ya dawa." Nyuma yake mtu alikuwa akitangaza kwamba belo jipya la mitumba limefunguliwa, na mwanamke akauliza kwa karibu kabisa, "Dada, hili gauni bei gani?" Badria akamwambia asubiri kidogo. Kisha akarudi kwenye simu na kuuliza kama kawaida, "Kutoka sifuri hadi kumi, leo maumivu yakoje?"

Mzee Chandu alijipapasa mfukoni, akatoa penseli.

"Marahaba, binti," alisema. "Leo saba. Kesho usiache kupiga."