Mstari wa Melkiori

Theodora alikuwa wa kwanza kuondoka kwenye mstari wa mumewe, Nathanaeli. Alikaza khanga kiunoni, akavuka uwanja wa ofisi ya tawi la Chama bila kumtazama mtu, akaenda kusimama nyuma ya Melkiori. Baada ya hapo wengine hawakuona haya tena.

Nathanaeli alibaki amesimama, mikono nyuma, akiangalia mstari wake ukipungua. Alikuwa mwenyekiti wa tawi tangu kabla ya Uhuru. Wengi wa waliokuwa wakihama aliwaandikia kadi kwa mkono wake mwenyewe.

Kosa lake lilijulikana. Alikuwa anavuka korongo.

Ng'ambo ya korongo waliishi watu wa Gaspari, ambao mwaka wa uchaguzi wa rais walijitoa kwenye Chama wakaenda upinzani. Tawi likakata shauri: hakuna kulimiana nao, hakuna kuzikana nao, hakuna kukanyaga kwao. Aliyesimama kulitangaza shauri hilo ni Nathanaeli. Alilitangaza kwa sauti kubwa, na watu wakapiga makofi.

Masika ilipofika, Hana, mkwe wa Gaspari, alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga alikuwa mmoja tu, Cecilia, naye aliishi upande wa huku. Mume wa Hana alikuja mpaka ukingo wa korongo akaita. Cecilia akaenda kwa mwenyekiti kuomba ruhusa.

“Tulikwisha kubaliana,” Nathanaeli alimwambia.

Cecilia akarudi nyumbani kwake. Hana alikufa na mtoto tumboni. Waliomzika ni watu wa ng'ambo peke yao.

Nathanaeli alilima, alikula, alilala. Akiulizwa jambo, alijibu kama anayemjibia mtu mwingine. Kisha mvua zilipokatika na korongo likabaki mchanga mtupu, akaanza kwenda kwa Gaspari. Alikwenda mchana, watu wakimwona. Melkiori, katibu wake, ndiye aliyemkuta wa kwanza, ameketi na Gaspari uani, kibuyu cha togwa kati yao.

Maneno yakaenea mpaka Shelui. Wengine walisema ameahidiwa ng'ombe. Wengine walisema hakuahidiwa kitu, amelegea tu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Theodora aliyasikia kisimani. Yeye alikuwa na kadi ya Chama kabla ya mumewe. Enzi za mkoloni aliificha ndani ya chungu cha mbegu. Jioni moja, wakila, alimwuliza:

“Baba Yeremia, unatafuta nini kule?”

“Watu wazikane.”

“Na wao wanataka nini?”

Nathanaeli alimega ugali, akautazama, akaurudisha kwenye sahani.

Siku ya mkutano, Melkiori ndiye aliyesimama.

“Ndugu mwenyekiti, ni kweli umepatana na wapinzani?”

“Ni kweli. Watarudi kwenye Chama, wote. Mkunga atakwenda kwao na sisi tutazikana nao.”

“Wanarudi bure?”

“Hapana. Si bure.”

“Basi umewapa nini?”

Theodora aliinua uso akamtazama mumewe.

“Hilo sitalisema,” alijibu Nathanaeli.

Mzee Simeoni, aliyewahi kufungwa na mkoloni kwa ajili ya Chama, aliinuka kwa shida. “Hatukukuweka hapo utuuze,” alisema. “Kiongozi anayekwenda kunong'ona kwa wale waliotutupa, halafu anatuficha bei, mimi simjui.”

Nathanaeli aliambiwa ajitetee. Hakujitetea. Ndipo watu walipoambiwa wajipange, anayemtaka Nathanaeli nyuma yake, anayemtaka Melkiori nyuma yake. Waliojipanga kwa Nathanaeli kwa mazoea walihama, Theodora akiwa mbele yao. Mwishoni alibaki Isaka, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri. Naye akavutwa mkono.

“Tawi hili halitapatana na mtu,” alisema mwenyekiti mpya. “Anayetaka kurudi mlango uko wazi, achukue kadi kama mwanachama mwingine yeyote. Lakini hatutamlipa kitu.”

Watu walipiga makofi. Nathanaeli naye alipiga. Kisha akatoa ufunguo wa ofisi mfukoni, akamkabidhi Melkiori, akaenda zake.

Jua lilikuwa linashuka Theodora alipokuwa uani akipepeta uwele. Tangu warudi hawakuwa wamesemeshana. Mumewe alikuwa ndani, ameketi kitandani na viatu vyake miguuni. Hodi ilibishwa, na aliyeingia alikuwa Gaspari.

Theodora alimwamkia kwa sababu ya umri wake. Kigoda hakumpa. Mzee hakukitafuta, alibaki amesimama hadi Nathanaeli alipotoka.

“Tumesikia,” alisema Gaspari. “Kesho nawaleta watu wangu wote kwa Melkiori wachukue kadi. Nilikuambia baada ya kumzika Hana hatutarudi wewe ukiwa kwenye kiti kile. Umetoka.”

Nathanaeli aliitikia kwa kichwa.

Ungo wa Theodora ulikuwa umesimama.

“Ila mbona hukuwaambia wenzako?” Gaspari aliuliza. “Umewaacha wakuite msaliti.”

“Wangejua kwamba ninyi ndio mnaotaka nitoke,” alisema Nathanaeli, “wasingenitoa.”