Sentensi ya Kweli

Kila Jumatano saa kumi, watoto wakishaondoka, Sajini Jamilu aliegemeza bunduki yake ukutani, akajibana kwenye dawati la darasa la tano na kufungua daftari. Katika sarufi, wakati uliopita ulimshinda. Kwake kila jambo lilikuwa linatokea sasa.

Mwalimu Asekenye alimfundisha Kiingereza bila kudai shilingi. Alichotaka ni habari. Mume wake, Otai, alikuwa akishughulikia karatasi za malori mpakani Busia. Mwaka uliopita wanajeshi walimchukua mchana, mbele ya watu, wakampeleka kambini upande wa Tororo. Jamilu alikuwa askari wa kambi hiyo hiyo, na bila mtihani wa Kiingereza hapandi cheo.

"Bwana yako iko salama," alisema kila alipoingia. "Yeye nakula. Nalala."

"Amesema nini?"

"Nasema asante kwa ile sukari ulituma. Kama iko ingine, lete."

Asekenye alishangaa. Tangu waoane, Otai hakuwahi kutia sukari kwenye chai. Lakini kifungo hubadili mtu, alijiambia, na Jumamosi akasimama foleni ya sukari tangu asubuhi hadi jua kuzama.

"Basi aniandikie hata mstari mmoja, Sajini."

"Kalamu ndani hakuna, mwalimu. Wewe nataka mimi pia nafungwa?"

Pale shuleni Mulanda walimu wenzake waliacha kukaa naye. "Mwenye bunduki wako amechelewa leo," Aidah wa darasa la nne alimwambia, na wengine wakachekea ndani ya vikombe. Asekenye alichukua kikombe chake, akatoka. Angemfundisha hata shetani, mradi shetani awe na funguo.

Jioni alipika chakula cha mtu mmoja. Watoto wake wawili walikuwa ng'ambo, Busia ya Kenya, kwa mdogo wake Elinah, ambaye alituma ujumbe na mama mmoja muuza samaki: "Dada, vuka. Huyu mdogo ameanza kuniita mama."

Ujumbe ule ulimkosesha usingizi siku tatu. Kisha akajibu: "Nitavuka na baba yao."

Wiki moja kabla ya mtihani walifika kwenye semi. Asekenye aliandika ubaoni ule usemi wa Kiingereza wa kwamba lengo huhalalisha njia. Jamilu akakuna kichwa.

"Maana yake?"

"Mtu amefanya jambo baya ili apate zuri. Ukimuuliza, anakuambia: tazama nilichopata, usitazame nilivyokipata."

"Hiyo ni ruhusa?"

"Ni kujitetea tu. Mimi hapa ninamfundisha mwanajeshi, na watu hawanisalimii. Unafikiri najiambia nini usiku?"

Jamilu aliinamia daftari lake, akaunakili usemi ule.

"Utaonyesha maana yake kwa sentensi moja," Asekenye alisema. "Na kanuni yangu unaijua. Hakuna kunakili kitabuni. Iwe ya kweli, jambo lililokutokea wewe mwenyewe. Ukibuni, nakupa sifuri."

"Nyumbani naandika, mwalimu. Hapa nashindwa."

Jumatano iliyofuata hakuja. Mlinzi wa shule alisema Sajini alipita asubuhi akiwa ndani ya lori, na begi lake, akielekea kwenye mtihani; akishafaulu hatarudi kambi hii. Alikuwa ameacha daftari lisahihishwe.

Asekenye alikaa kwenye dawati lile dogo, akatoa kalamu nyekundu. Sentensi ilikuwa moja, imeandikwa polepole, kwa mwandiko wa mtu anayetaka kumridhisha mwalimu. Wakati uliopita, safari hii, ulikuwa sahihi. Nukta ilikuwa mahali pake. Aliisoma tena na tena, akitafuta kosa.

"Nilimwambia mwalimu wangu kwamba mume wake yu hai, ili anifundishe Kiingereza."